Gia zikilegea, usikimbilie mkono mfupi

KWAKO MHARIRI,

Mimi ni mchuuzi wa samaki hapa Malindi, na gari langu ni Corolla 110 ya gia za mkono. Nakuandikia kwa jambo ambalo wanaume wa mjini kwetu wanalizungumza kila jioni barazani na kila asubuhi gereji, na katika mazungumzo hayo naona pesa za watu zikipotea. Siku hizi vijana wenye magari ya gia wanautoa mkono wa gia uliokuja na gari wanatia mfupi, ule ambao ukiugusa tu gia imeingia. Mwenye kutaka raha yake simkatazi. Lakini wauzaji wanawaambia watu kwamba gia zikilegea, au zikikataa kuingia, dawa ni hiyo. Siyo. Mimi niliuziwa dawa hiyo nikainywa, na nusura inipeleke mtaroni Mambrui.

Kila siku isipokuwa Ijumaa, nikishaswali alfajiri, huwa njiani kwenda Ngomeni kuwangojea wavuvi. Viti vya nyuma nimeving'oa, nimepanga masanduku matatu ya barafu. Musimu wa kaskazi samaki wakiwa wengi naweza kwenda mara mbili kwa siku. Wakati wa kusi bahari ikichafuka, narudi na kaa wachache na lawama za wateja. Barafu ikiyeyuka, yale maji ya chumvi hupata njia yake, na njia yake ni katikati ya gari, chini ya mkono wa gia. Hilo nilikuja kulijua nimeshachelewa.

Mkono wenyewe ulianza kucheza kidogo kidogo, kisha ukawa kama mpini wa jembe wakati wa kiangazi. Gari liko namba tatu, nao unayumba kushoto kulia utadhani uko niutro. Ulikuwa na mlio wake, chaka-chaka-chaka, ambao nikiuzima kwa kuuwekea goti la kushoto. Nilikwenda hivyo miezi. Ukizoea kilema cha gari lako hukioni tena, mpaka apande mtu mwingine.

Aliyepanda ni mtoto wa dada yangu, kijana anayelipenda gari lake kuliko mchumba wake. Aliushika ule mkono akacheka. "Mama mdogo, huu ni wa kutupwa. Tia mfupi, utaendesha kama mtu wa rali." Tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, kila mwenye Corolla Malindi amekuwa mtu wa rali. Sikumjibu kwamba yale magari makubwa ya rali mkono wake huvutwa na kusukumwa tu, gia zimepangana kwa zamu, hakuna namba tatu ya kutafutwa pembeni. Sikumjibu kwa sababu wakati huo hata mimi nilikuwa sijui.

Fundi wa kwanza tuliyemwendea alikuwa tayari kuukata ule wangu kwa grinda, achonge upya nyuzi za skrubu, arudishe juu kile kichwa cha kushikia. Nusu saa, shilingi mia nane. Mpwa wangu akakataa, na kwa hilo namshukuru, ingawa sababu yake ilikuwa kwamba hautapendeza. Tukaenda dukani tukanunua uliotengenezwa hasa kwa kazi hiyo, shilingi 9,500 pamoja na kichwa cha chuma kinachong'aa. Muuzaji hakuuliza gari lina tatizo gani. Aliuliza ni la mwaka gani tu.

Hapa niseme tofauti ya vitu hivi viwili, mkono wa kukatwa na ule wa kununua, maana watu wengi wanadhani ni kimoja. Aliyewahi kupiga kasia ataelewa upesi. Kasia limeegemea ubavu wa mashua. Upande mmoja uko mikononi mwako, upande wa pili uko majini. Mkono wa gia nao una egemeo lake pale chini. Juu umeshika wewe, chini unavuta kebo zinazokwenda mpaka kwenye giaboksi. Tuseme juu ya egemeo pana sentimita 30 na chini yake 5. Ili ncha ya chini isogee sentimita 1, kichwa lazima kisafiri sentimita 6. Ukiukata juu ukabaki 24, kichwa kitasafiri kama sentimita 5. Safari imepungua kweli, ila umeinamisha na mkono wako, unatafuta gia huko chini magotini. Ule wa kununua haukatwi juu, unarefushwa chini, au egemeo lake linapandishwa. Chini ikiwa sentimita 7 na nusu, juu zikabaki 30, kichwa kinasafiri 4 tu kwa kazi ileile.

Lakini kasia halitoi bure. Ukilishika karibu na ubavu wa mashua, mikono haiendi mbali, ila utalisikia uzito wake. Na mkono wa gia ni vivyo hivyo: safari ikipungua kutoka 6 hadi 4, nguvu unayotia inapanda mara moja na nusu. Na ndani ya giaboksi hakuna kilichofupika. Uma unaosukuma gia unasogea palepale uliposogea siku zote. Kilichobadilika ni kiganja chako tu.

Siku ya kwanza, sitadanganya, ilikuwa tamu. Nimevuka daraja la Sabaki barabara nyeupe mbele yangu, tak, namba tatu, tak, namba nne. Nilijiona msichana. Siku ya nne nikiwa maeneo ya Mambrui, mwendo kama 80, natoka namba nne nataka tano. Nikasukuma. Injini ikapiga ukelele, gari likajishika kama limekanyagwa breki, sanduku la kamba likateleza likagonga kiti changu kwa nyuma, na bodaboda aliyekuwa nyuma yangu akanipita kwa ubavu akinitajia mamangu. Niliingiza namba tatu badala ya tano. Gari nilikuwa nimeshalipeleka ukingoni mwa lami na gurudumu moja liko kwenye mchanga.

Nilikuwa na bahati ya kuwa mwendo ule namba tatu inavumilika. Mtu aliye kwenye mwendo wa kilomita 110 kwa saa akitoka tano akakosa nne akaangukia mbili, injini inaweza kufa papo hapo. Kile kifaa kinachozuia injini isizunguke kupita kiasi kazi yake ni kukata mafuta. Hakina la kufanya pale magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini kwa nguvu. Vyuma vya ndani vinaweza kuvunjika, na hapo ni bei ya injini nyingine.

Nikamwendea fundi mzee mmoja ambaye alikuwa akilitengeneza gari la marehemu baba yangu. Sisi wote tunamwita Ami. Nilimwamkia, akaitikia, nikamweleza, hakusema kitu. Alifungua boneti, akaniambia, "Zima injini, tia namba tatu, halafu utikise mkono polepole, mwanangu, nami niangalie." Nikatikisa. "Unatikisa?" Natikisa, Ami. "Basi huku hakuna kitu kinachotikisika." Mkono ulikuwa ukienda vidole viwili kila upande kabla kile chuma kilicho juu ya giaboksi hakijapata habari.

Gari kama langu, ambalo injini yake imelala kwa upana, lina kebo mbili za gia. Moja inapeleka mbele na nyuma, nyingine kushoto na kulia. Kwenye ncha za kebo hizo kuna bushi, vipete vya plastiki au mpira vinavyoshika bila kukwaruza. Ami alizitoa zangu akaniwekea kiganjani. Ya kebo ya kushoto-kulia ilivunjika hapo hapo kama biskuti iliyoloa ikakauka, na ndani ilikuwa na unga mweupe wa chumvi. Chumvi ya barafu yangu mwenyewe! Nilikuwa nimelipa shilingi 9,500 kuondoa mlegeo ambao haukuwapo kwenye mkono kabisa. Tena nilikuwa nimeuongeza ubaya wake: nafasi kati ya gia na gia sasa ni ndogo, na kitu cha kuniongoza kati yake kimeoza. Na mkono wa zamani ulikuwa na safari ndefu ya kunisamehe.

Bushi mpya zote na kazi yake zilinigharimu shilingi 2,200. Ami alikuwa na aina mbili, za plastiki ngumu na za shaba. Za shaba hazifi, aliniambia, lakini zitaniletea kila mtetemo wa giaboksi mpaka kiganjani. Nikachukua plastiki. Kisha akaniziba lile tundu la maji kwa mpira wa tairi la ndani, bila malipo, akitikisa kichwa.

Nikamuuliza kuhusu wale ambao gia zao hazilegei ila zinagoma, maana mpwa wangu namba mbili yake ilikuwa inakwaruza. Ami akasema mengi, nami nayaleta kwa ufupi. Ndani ya giaboksi kila gia ya kwenda mbele ina pete ya shaba, mafundi wanaiita sinkro, ambayo kazi yake ni kushikana na gia kwa msuguano mpaka mizunguko yao ilingane ndipo meno yaingiliane. Hiyo kazi inataka muda wake, ni mfupi sana lakini upo. Mkono mfupi unakifikisha kiganja chako mapema, pete bado haijamaliza. Ukilazimisha, unasikia grrr, na kila grrr ni pete inayolika. Kwa hiyo mwenye pete zilizochoka akitia mkono mfupi anaziharakishia kaburi.

Kabla ya hapo kuna la klachi. Zima gari, tia gia zote moja baada ya nyingine. Zikiingia laini gari likiwa limezimwa, zikagoma likiwa linanguruma, hasa namba moja na rivasi, basi klachi yako haiachi sawasawa, na mkono wa gia uwe mfupi, uwe mrefu, haitasaidia. Na oili ya giaboksi: kitabu cha gari kinakwambia namba yake, mara nyingi kwa magari yetu haya ni 75W-90. Wako watu wanatia oili nzito ya difu, ile ya gia za ekseli, kwa sababu ndiyo iliyobaki kwenye mtungi. Asubuhi oili ikiwa baridi, pete zinateleza tu hazishiki. Tena ziko oili za difu ambazo dawa zilizotiwa ndani yake zinaweza kuila shaba. Mpwa wangu, alipobanwa, alikiri kwamba yake alitiliwa kutoka mtungi wa lori.

Baada ya bushi mpya niliutumia mkono mfupi wiki tatu nyingine, nipate kuwa na haki ya kusema. Ulikuwa sahihi kabisa sasa, sikukosa gia hata mara moja. Barabara ya wazi bado ni raha. Lakini mimi nusu ya siku yangu iko sokoni, tuktuk mbele, tuktuk nyuma, mkokoteni wa maji ubavuni, moja-mbili-moja-mbili mpaka adhuhuri, na ule uzito wa mara moja na nusu ukaanza kukaa kwenye kifundo cha mkono. Usiku nilikuwa nakikanda kwa mafuta ya nazi. Nikamwambia Ami arudishe ule wa zamani. Nilipoushika na bushi mpya nikacheka peke yangu. Ulikuwa mkono mzuri siku zote.

Basi ombi langu kwa wauzaji wa spea na mafundi wetu ni dogo. Mtu akija na mlegeo wa gia, mfungulieni boneti kwanza, mtikise, muone. Dakika tano. Akiwa mzima anataka mfupi kwa raha yake, muuzieni, lakini mwambieni kwamba atatia nguvu zaidi na kwamba gia hazitaingia mapema kuliko pete zake zinavyotaka. Na nyinyi wahariri, kurasa zenu za magari zinatuonyesha magari mapya yenye vioo vikubwa kama televisheni, ambayo hayana hata mkono wa gia. Sisi huku tunaendesha yaliyotoka Japani yamechoka, na tunayaendesha mpaka yaoze. Tuandikieni siku moja habari za bushi.

Ule mkono mfupi nimempa mpwa wangu, kwa sharti kwamba ang'oe kwanza bushi zake aniletee nizione. Aliniletea ndani ya bahasha. Kwangu kimebaki kile kichwa cha chuma tu, ambacho kina uzito mzuri na kinasaidia gia kuingia. Ila gari likikaa juani sokoni mpaka saa saba, hakishikiki, kinaunguza kama kifuniko cha sufuria. Nimekivisha kipande cha leso.

Mchuuzi wa samaki,
Malindi.