Friji ya kwenda nayo Natron

Soweto, Moshi
Jumapili jioni

Baba Glory ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Mama Glory hajambo? Watoto je, na joto la Dar wanalionaje? Sisi wazima. Mama anakusalimu sana, na Babu wa Kibosho ametoka hospitali, ameshaanza kugombana na watu wa mfereji, kwa hiyo ujue amepona. Kimya changu tutakizungumza siku nyingine. Leo nimeamua kuandika badala ya kupiga simu, kwa sababu kwenye simu utaniitikia "sawa, sawa" halafu ukifika dukani unabeba cha kwanza ulichokiona.

Ni kuhusu zile picha mbili za friji ulizonitumia. Usinunue bado.

Kwanza ujue safari yenyewe ni ya nani. Mwalimu wetu wa shule anakwenda Ziwa Natron! Wanawe wamechanga, kazi ya kumpeleka wamenipa mimi: yeye, mkewe na wajukuu. Unakumbuka alivyokuwa anachora Ol Doinyo Lengai ubaoni, anatuambia ndiyo volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya magadi, nyeusi ikitoka na nyeupe ikishakaa siku chache? Na heroe wanaotaga kwenye magadi ambako fisi hafiki? Kawafundisha watoto wa watu miaka yote hiyo, na yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga kule. Nilipokwenda kuwaeleza ratiba alikuwa ametoa ramani yake ya zamani, ameitandaza mezani na kuikandamiza kwa vikombe pembeni. Nataka safari hii iende vizuri kuliko zote nilizowahi kuongoza.

Sasa, Mwalimu anadunga insulini. Ile ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Ikipata joto inapungua nguvu, na ikiganda ndiyo imekwisha, hata ikiyeyuka si ya kutumia tena. Tunalala Engare Sero, ambako mchana hata mbuzi wanatafuta kivuli, kisha tunarudi Mto wa Mbu na kupanda Ngorongoro kulala kambi ya Simba, zaidi ya mita 2,000 juu, usiku unavaa makoti mawili. Dawa ipite kote huko bila kupata moto na bila kuganda.

Kasha la barafu halitoshi, hilo nimeliona kwa macho yangu Pasaka nilipowapeleka vijana wa kwaya. Barafu tulinunua Mto wa Mbu. Siku ya pili mchana nafungua kasha: maji ya uvuguvugu hadi nusu, siagi inaelea, mfuko wa kuku umeachia na maji yamekuwa mekundu, na karatasi za jibini zimelowana humo humo. Kuku tukamwaga, tukala ugali na maharage. Kwa vijana hiyo ni hadithi ya kwenda kusimulia. Kwa dawa ya mzee wa umri ule ni jambo lingine.

Kwa hiyo friji. Ile nyekundu iache, hata wakikupunguzia bei. Nimeikuza picha nikasoma kibandiko cha ubavuni: hakuna neno kompresa, hakuna aina ya gesi, ila kuna mstari mdogo unaosema inapoza hadi nyuzi 20 chini ya joto la nje. Huo mstari ndio wa kuutafuta kabla ya chochote. Ndani mna kibamba tu, umeme ukipita upande mmoja unapoa na mwingine unapata moto, na feni haipumziki usiku wala mchana. Huku Moshi mwezi wa saba ingetufaa. Lakini Natron ikifika 38, toa 20, unabaki na 18. Hapo maziwa yanachacha na betri inaliwa bure.

Ya kijivu ndiyo imenipa moyo. Kibandiko chake naona kama kimeandikwa R134a, gesi ya kompresa, kazi yake ni ile ile ya friji ya jikoni kwa mama. Ikiwa R600a pia ni sawa. Ukiiweka nyuzi 4 inashuka hadi 4, inajizima, inapumzika, inawaka tena, na ukitaka inagandisha. Lakini picha ina kivuli, sina hakika na herufi hizo, ndiyo maana naomba uende mwenyewe ukasome.

Shemeji ananisukuma nichukue ya mtungi wa gesi, anasema haina habari na betri. Kwa kambi ya kukaa mahali pamoja ningemwelewa. Ile hupoza vizuri ikiwa imekaa sawasawa bila kuinama, moto wake huwezi kuuacha unawaka gari likitembea, na hata kambini inataka mahali pa wazi penye hewa. Sisi nusu ya siku tunarushwa barabarani. Nimemjibu kwa heshima, hajaridhika.

Madereva wenzangu wa Arusha wanasifia Engel ya Mjapani na National Luna ya Afrika Kusini. Ni vyuma kweli, ila mpya bei yake ni ya ng'ombe wawili, na hela ya wanawe Mwalimu ni ya safari, friji naitoa mfukoni mwangu. Ukikuta mojawapo iliyotumika, usiikimbie kwa kuwa imechubuka. Chukua noti, iweke ukingoni, funga mfuniko, ivute. Ikitoka bila kukaza, mpira umechoka na baridi yote itatokea hapo. Zungusha noti pande zote nne, muuzaji akikasirika mwache akasirike.

Halafu umeme, na hili naomba ulisome mara mbili, maana nimeshaona friji nzuri zikilaumiwa bure kwa ajili yake. Friji ya lita 40 kwa volti 12 hula kama ampea 4 hivi kompresa ikiwa inazunguka. Haizunguki muda wote, lakini kwenye joto la Natron nakadiria ampea-saa 30 hadi 40 kwa siku moja. Betri ya kawaida ya 100 haifai kuinyonya chini ya nusu, kwa hiyo gari likisimama siku nzima umebaki na kidogo sana, na ukitegemea betri ya kuwashia injini, asubuhi mtasukuma Cruiser na Mwalimu amekaa ndani. Mimi nimeshafunga betri ya pili, fundi wa Majengo ameitenganisha na ile ya injini, na nina paneli ya sola ya wati 100 ya kutandaza kambini. Hapo sina wasiwasi.

Wasiwasi wangu uko kwenye waya. Watu wanachomeka friji kwenye tundu la kuwashia sigara, waya wenyewe mwembamba kama wa redio, umetoka mbele ya gari mpaka nyuma. Betri ina volti 12.4, friji inapata 11 na kitu, inadhani betri imekwisha, inajizima. Mtu anasema friji mbovu! Mimi navuta waya wa milimita 6 za mraba moja kwa moja kutoka kwenye betri, na fyuzi karibu na betri. Kwa hiyo angalia kama ya kijivu ina ile kinga ya betri, inayozima friji kabla betri haijaisha, yenye ngazi tatu, juu, kati na chini. Nikiwa na betri ya pili nitaiweka chini. Isiyo na kinga hiyo sitaki.

Kuna na suala la vyumba. Zipo za vyumba viwili, kimoja friza na kingine friji, na ukifikiria insulini unaona hiyo ndiyo. Lakini kwa ukubwa tunaoumudu kila chumba kinakuwa chembamba, hata sufuria haiingii. Nafikiria chumba kimoja, niweke nyuzi 4, na dawa ikae juu kabisa kwenye kikapu, ndani ya kopo lenye mfuniko lililozungushiwa taulo, mbali na kuta na mbali na nyama iliyoganda, pamoja na kipimajoto kidogo. Kuta ndizo zinazogandisha. Hata hivyo bado... wewe umepika kambini muda mrefu kuliko mimi, nakusikiliza.

Bia na soda za wajukuu wakubwa hazitaingia humo, nimeshawaambia. Kila chupa ya moto inayoingia ni kompresa kuzunguka upya, na mfuniko kufunguliwa kila dakika tano. Vinywaji vitakaa kwenye kasha la zamani na barafu yake. Kabichi, karoti, vitunguu, mayai, vyote nje kama tulivyozoea. Friji ni ya nyama, maziwa na dawa, na tutaiwasha hapa nyumbani kwa umeme wa TANESCO tangu usiku wa kuamkia safari ili iingie garini ikiwa baridi tayari. Na kwa kuwa mashine ni mashine, nabeba pia vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine, mchanga mbichi katikati na kitambaa kilicholowa juu. Kwenye joto kavu la kule vinapoza kuliko mtu anavyodhani.

Sasa nijibu haya. Kibandiko cha ya kijivu kinasema R ngapi? Urefu wake na upana ni kiasi gani ukijumlisha mipini, maana nyuma ya siti nina sentimita 75 tu na lazima zibaki nafasi za hewa upande wa kompresa? Inakuja na adapta ya umeme wa nyumbani au inauzwa peke yake? Je, watakubali uiwashe dukani nusu saa, uweke mkono ndani? Bei ya mwisho ni ipi ukishawabana unavyojua kubana? Na likizo yako iliisha au bado? Siti ya mbele iko wazi, Mwalimu ameuliza habari zako mara mbili, na mpishi niliyempata hajui kupika machalari ya mtu anayeangalia sukari yake.

Ukiinunua, ipandishe basi la asubuhi na umsimamie kondakta mpaka iwekwe wima. Ikilazwa njiani itanibidi niiache isimame saa kadhaa kabla ya kuiwasha, na nataka kuijaribu siku hiyo hiyo. Hela nakutumia kwenye simu ukishanipa jibu la kibandiko.

Ndugu yako,
Baba Imani