Gunia limenishinda

Moshi, Majengo
Jumanne usiku

Neema wangu,

Habari za Ngarenaro? Watoto wazima? Na yule fundi wa paa, kamaliza au bado anakula hela? Huku tuko salama, mvua tu ndiyo inatutesa. Najua nimekaa kimya tangu Pasaka. Utanigombeza ukija, sasa hivi nina shida.

Ile kazi yangu ya kuzigeuza opera, zile tamthilia za kuimbwa, ziwe hadithi za kujisomea imekwama. Imekwama kwenye gunia.

Unamkumbuka Rigoletto, yule wa opera ya Verdi, mtunzi wa Italia, ya 1851? Kibiongo, mchekeshaji wa Mtawala wa Mantua. (Kwanza nilimwita Mtemi, Mwalimu Shoo akaniuliza kama hadithi iko Tabora.) Mwanzo haukunisumbua. Mzee kavunjiwa heshima ya binti yake, anakuja kulalamika, Rigoletto anamkejeli mbele za watu, mzee anamlaani. Sikueleza kitu. Laana ya mzazi nani asiyeijua huku kwetu? Verdi mwenyewe aliwahi kutaka opera nzima iitwe "Laana".

Shida ni mwisho. Usiku wa manane, radi, Rigoletto kamlipa muuaji nusu iliyobaki, kakabidhiwa gunia. Anaamini ndani yumo Mtawala aliyemharibu binti yake, Gilda. Anataka kulitupa mtoni. Mara anamsikia Mtawala anaimba zake, mzima kabisa! Ukumbini hawaambiwi neno, wimbo wanaujua, mwili unasisimka. Mimi nikaandika "akasikia wimbo ule ule". Nilipomsomea Mama Eliya tukimenya ndizi za mtori, akauliza, "Wimbo upi?" Neema, niliishiwa nguvu.

Jibu nimelipata kwa bibi zetu. Ngano zao zilikuwa na wimbo, unarudi, tunaitikia, ukirudi mara ya tatu tunajua zimwi limefika. Verdi naye kafanya hivyo hivyo: Mtawala anauimba pale nyumba ya wageni, anaumung'unya akisinzia, kisha ndiyo unatokea gizani. Basi nimepanda mistari miwili mapema, kwamba mwanamke ni kigeugeu, kama unyoya kwenye upepo. Na ona anayeimba ni nani! Kigeugeu ni yeye. Gilda kavaa kiume, kaenda mwenyewe kugonga mlango wa muuaji, afe badala ya huyo huyo Mtawala. Kila nikifika hapo nakasirika, na siwezi kuacha.

Sasa Gilda. Kachomwa kisu, katiwa guniani, na bado anaimba kumwomba baba yake msamaha. Kwenye opera sawa, muziki unambeba. Kwenye karatasi Mama Eliya atacheka. Nilimpa maneno matatu, nikayafuta, nikayarudisha, halafu umeme ukakatika.

Kurasa nampa konda wa Kosta ya kesho asubuhi, zimo kwenye mfuko wa parachichi. Parachichi ni zako, kurasa usizipake mafuta. Zisome kwa sauti. Gilda aseme au anyamaze? Akinyamaza, msamaha atauombaje? Wimbo nimeurudia kupita kiasi? Kile kitabu changu cha bluu unacho bado, au kimeshaenda kwa shemeji? Na Upendo kajifungua?

Nijibu kabla ya Jumamosi. Mama Eliya anaudai mwisho, nami nimemwambia eti zimebaki kurasa mbili.

Wako,
Anna