Mjomba, kabla hujanihuzunikia

Mjomba, shikamoo.

Mama ameniambia umepata habari kwamba mpwa wako siku hizi anasoma kitabu cha Wachina cha kupigia bao, na ukauliza kama nimeacha dini. Sijaacha. Nakujibu hadharani kwa sababu si wewe peke yako uliyeuliza, na jambo lenyewe nalipenda, sitaki lisemwe visivyo.

Nianzie Anyang, kaskazini mwa China, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Wafalme wa ukoo wa Shang walipotaka kujua neno, watu wao walichimba vishimo upande mmoja wa gamba la kobe au mfupa wa bega la ng'ombe, wakavitia moto mpaka upande wa pili ukaatuka. Ufa ndio uliosomwa. Kisha swali lilichongwa palepale mfupani. Sikufichi: waliiuliza pia mizimu ya mababu zao, na hilo mimi silifuati. Lakini maswali mengi ungeyatambua. Mvua itakuja? Mavuno yatakubali? Mara nyingi waliuliza jambo moja kwa njia mbili, itanyesha, haitanyesha, kila neno na upande wake wa gamba.

Na baadhi ya mifupa ina kitu kinachonishika zaidi: waliandika hata yaliyotokea baadaye. Mfalme Wu Ding aliuliza habari za uzazi wa mkewe Fu Hao, mwanamke aliyeongoza majeshi, ambaye kaburi lake lilifukuliwa mwaka 1976. Mfalme akataja siku ambazo mtoto akizaliwa itakuwa heri. Zikapita siku 31, mtoto akaja siku nyingine, wakachonga: haikuwa heri, ni msichana. Maneno hayo yananiuma, Mjomba. Hata hivyo nawaheshimu kwa kutofuta walichokitumaini kilipokosekana.

Kitabu chenyewe, Yijing, yaani Kitabu cha Mabadiliko, ni cha baada ya hao, zama za ukoo wa Zhou. Kina alama 64, kila moja ya mistari sita, mizima au iliyokatika katikati, na mistari huanza kuchorwa chini kwenda juu, kama mmea unavyoota. Kila alama imejengwa kwa alama mbili ndogo, nazo ziko nane tu: mbingu, ardhi, radi, maji, mlima, upepo, moto na ziwa. Aliyetaka kuuliza alishika vijiti 50 vya mmea mkavu, akaweka kimoja kando, akavigawa 49 vilivyobaki na kuvihesabu vinne vinne, mizunguko 18 mpaka alama itimie. Hapo mtu lazima atulie. Mwenye haraka angekuwa ameshaondoka.

Tazama alama ya 11, iitwayo Tai, amani. Ungedhani mbingu imewekwa juu na ardhi chini. Sivyo. Ardhi iko juu, mbingu chini, kwa sababu nguvu ya mbingu hupanda na ile ya ardhi hushuka, basi vikapishana na kukutana. Ukiziweka kila moja mahali pake pa kawaida unapata alama ya 12, ya mkwamo, kila kimoja kikienda zake.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya 24, Fu, kurejea. Radi imelala ndani ya ardhi, mstari mmoja tu mzima, wa nguvu, chini kabisa. Ndiyo alama ya katikati ya majira ya baridi ya huko, mchana unapoanza kurefuka tena. Maelezo yake ya kale yanasema wafalme wa zamani siku hiyo walifunga malango ya mipakani, wafanyabiashara hawakusafiri, na mtawala hakuzuru nchi yake. Nguvu inayorudi ni changa, haitumwi kazi. Niliyasoma hayo wiki niliyotoka hospitali, nikiwa nimeazimia kufungua duka kesho yake. Nikalala wiki mbili.

Huo ndio uganga wangu wote. Vijiti sishiki. Xunzi, mwanafalsafa wa karne ya 3 K.K., alisema anayekielewa kitabu hiki barabara hapigi bao. Nami nimemwelewa kwa sababu yako. Ile Kusi nilipokuwa mdogo, chumbani hakuna unga, wewe siku tatu umekaa uani unashona nyavu, watu wanakusema. Nilikuuliza kwa nini huendi baharini. Ukatazama minazi, ukasema, "Bado." Siku ya nne ulikwenda.

Sasa naomba jambo, Mjomba. Kaskazi ikianza nitakuja na daftari. Unieleze bamvua na maji mafu, mawingu ya alfajiri, ndege unaowatazama, na unieleze vilevile siku upepo ulipokuendea kinyume. Zote nitaziandika.

Mpwa wako.