Mtihani wa CPA wa Marekani: ombi hukwamia kwenye transkripti

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na wahitimu wa uhasibu wa Tanzania na Kenya walioko Marekani au wanaojiandaa kwenda, na pia na ofisi za usajili za vyuo vyetu. Maombi mengi ya kufanya mtihani wa CPA (mhasibu wa umma aliyeidhinishwa) wa huko hukwama mapema, na chanzo mara nyingi ni hatua zilizofuatwa kinyumenyume, au transkripti, yaani rekodi rasmi ya masomo na alama, isiyofika.

Anza na jimbo. Mtihani ni mmoja nchi nzima na hutungwa na AICPA, chama cha wahasibu cha Marekani, lakini anayekupa ruhusa ni bodi ya uhasibu ya jimbo. Bodi hizo ziko 55, ukihesabu za Washington DC, Puerto Rico, Guam na visiwa vingine, na kila moja ina masharti yake. Baadhi zinadai namba ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani, nyingine hazidai. Nyingi zinaruhusu uanze mtihani ukiwa na saa 120 za masomo ya chuo (krediti, yaani kipimo cha uzito wa masomo), huku leseni kwa desturi ikihitaji 150, ingawa sheria hiyo ya 150 sasa inalegezwa katika majimbo kadhaa.

Usilipie tathmini ya vyeti kabla hujachagua jimbo. Ziko bodi zinazopokea tathmini ya NIES pekee, huduma iliyo chini ya NASBA, umoja wa bodi hizo, na nyingine zina orodha yao ya watathmini. Tathmini uliyofanyiwa kwa ajili ya ajira au uhamiaji kwa kawaida husema tu kwamba shahada yako inalingana na ya Marekani. Bodi inataka mchanganuo wa somo kwa somo: saa ngapi za uhasibu, ngapi za biashara, na kama ulisoma ukaguzi wa hesabu.

Hapo ndipo shahada ya miaka 3 inapopata shida, kwa kuwa mara nyingi huhesabiwa saa 90 hivi. Shahada ya Kenya ya miaka 4 ina nafasi nzuri zaidi ya kufikia 120. Pengo linaweza kuzibwa kwa masomo ya chuo cha jamii (chuo cha umma cha miaka miwili), ambayo ni nafuu, lakini uliza bodi kwanza, maana masomo ya uhasibu ya ngazi ya juu wakati mwingine hayakubaliwi kutoka huko. Na mwenye CPA ya NBAA ya Tanzania au ya KASNEB ya Kenya ajue kwamba haimsamehe hata karatasi moja.

Sasa transkripti. Lazima itoke chuoni moja kwa moja kwenda kwa mtathmini. Nakala yako mwenyewe, hata ikigongwa mhuri na wakili, haipokelewi. Bahasha ikifunguliwa njiani, au ikafika bila namba ya ombi, faili linakaa. Transkripti yenye alama tu bila uniti (uzito) za kila somo humfanya mtathmini aandikie chuo kuomba ufafanuzi, na barua hiyo isipojibiwa, mwombaji hana la kufanya. Tunawasihi warajisi: andikeni uniti na miaka ya masomo, tumeni kwa barua pepe rasmi ya chuo pale mtathmini anapokubali, na mjibu maswali ya uhakiki. Kijana aliyesoma kwa jasho la wazazi wake hastahili kupoteza mwaka kwa kukosa karatasi mbili.

Majina nayo. Cheti kina majina matatu, pasipoti mawili, na aliyeolewa anatumia la mumewe. Jina kwenye hati ya kuruhusiwa kupanga mtihani, iitwayo NTS, lilingane na kitambulisho herufi kwa herufi, la sivyo kituo cha mtihani cha Prometric kinakurudisha mlangoni na ada imekwenda. Rekebisha jina unapoomba, pamoja na hati ya ndoa au kiapo.

Mtihani una karatasi 4 za saa 4 kila moja: AUD (ukaguzi), FAR (uhasibu na taarifa za fedha) na REG (kodi na sheria) kwa wote, kisha moja ya kuchagua kati ya BAR (uchambuzi wa biashara), ISC (mifumo ya taarifa) na TCP (mipango ya kodi). Alama ya kufaulu ni 75. Usilipie zote kwa mkupuo. NTS katika majimbo mengi hudumu miezi 6, Texas siku 90, na ikiisha hujafanya, ada hairudi. Lipia karatasi moja au mbili. Tarehe ukiibadilisha siku 30 au zaidi kabla, hutozwi. Anayeanza na FAR akumbuke kwamba viwango vya uhasibu vya Marekani vinakataza kupandisha thamani ya majengo na mitambo vitabuni, jambo ambalo IFRS, viwango vya kimataifa tulivyosoma nyumbani, inaruhusu.

Walioko Ghuba wanaweza kufanyia mtihani Falme za Kiarabu, Kuwait au Bahrain. Kuna ada ya ziada kwa kila karatasi, na jimbo utakaloomba liwe limeruhusu vituo vya nje. Waende na pasipoti.

Wahasibu wasomaji wako,
Houston, Texas