Msikate picha ili iingie kwenye fremu

Mhariri,

Natengeneza fremu hapa Dunda, Bagamoyo. Krismasi na Pasaka zikikaribia, kazi yangu kubwa ni picha za Wakristo: Familia Takatifu, Moyo Mtakatifu, Karamu ya Mwisho. Mimi ni Mwislamu, lakini kioo hakiulizi dini. Siku hizi naletewa sana ile ya mume na mke wamesimama shambani, vichwa wameinamisha. Malalamiko yangu ni kwa wanaoichapa.

Picha yenyewe imelala: kimo sentimita 55.5, upana 66. Fremu za dukani nyingi ni za kusimama, A4 au A3. Basi mchapaji anakata pembeni. Kushoto unaondoka uma wa kuchimbia viazi ambao baba ameuchomeka ardhini. Kulia linaondoka toroli lenye magunia, na kule mbali kabisa, mbingu inapokutana na shamba, unaondoka mnara wa kanisa. Ni mdogo, unaweza kuufunika kwa kucha, lakini ndio uliowasimamisha wale watu. Kengele ya Malaika wa Bwana, sala ya Wakatoliki, imelia, wameacha viazi kikapuni wanasali. Ukiutoa, wanabaki watu wawili wanaokodolea macho kikapu. Mteja mmoja alinihakikishia kuwa wamefiwa na mtoto. Simcheki, hata Salvador Dalí, mchoraji maarufu wa Hispania, alishikilia hivyo hivyo, naye aliiona nzima!

Wengine hawakati, wanaivuta iende juu. Hapo baba anarefuka, mama anakonda, na kikapu kinakuwa ndoo.

Aliyeichora ni Mfaransa, Jean-François Millet, mtoto wa wakulima, akaimaliza mwaka 1859. Alieleza kuwa bibi yake ndiye aliyekuwa akiwasimamisha kazi shambani kengele ikilia, wawaombee marehemu. Mwaka 1868 mapadre Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu wakaanzisha misheni hapa Bagamoyo. Kwa hiyo picha hii si ngeni kwetu kama inavyodhaniwa. Jirani zangu Wakatoliki wanaijua kengele ya saa kumi na mbili jioni, na sisi tunaijua adhana ya magharibi inayomkuta mtu na jembe mkononi.

Ya asili iko Paris, jumba la Musée d'Orsay. Ilikuwa imenunuliwa na Wamarekani, na mwaka 1890 tajiri mmoja, Alfred Chauchard, akairudisha Ufaransa kwa faranga 750,000. Nadhani alilipia na upande wa kulia.

Wachapaji, acheni pambizo nyeupe juu na chini, picha ikae nzima, na muandike jina la Millet. Fremu niachieni mimi; mninga unakatwa kwa kipimo chochote. Na wewe mnunuzi, kabla hujatoa hela, angalia kulia, juu ya toroli. Kama mnara haupo, mwambie akuchapie nyingine.

Fundi fremu,
Dunda, Bagamoyo