Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, Kigoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa kata na vijiji,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Wazazi, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,

Mwakeye!

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha salama leo, tarehe 1 Aprili. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako na kupanda mlima huu hadi kwetu. Umekuja wakati wa mvua, kijito ulichovuka pale chini kina maji hadi magotini. Ungekuja Septemba ungekivuka kwa viatu vyako, na sisi usingetukuta darasani saa moja asubuhi, maana tungekuwa kwenye foleni ya madumu.

Wazee wa hapa wanatuambia kijito hicho zamani kilitiririka mwaka mzima. Tulipowauliza kilianza lini kukauka, hakuna aliyetutajia mwaka. Walitutajia mashamba: fulani alipolima pale, mwingine alipopanda juu yake, kisha wale wa mwisho waliofika karibu na kilele. Ndivyo msitu wa mlimani unavyoondoka, Mheshimiwa. Haukatwi siku moja. Shamba hupanda mlima taratibu, udongo unapochoka bondeni, muhogo na maharage vinahamia juu, na miti iliyobaki inashuka mjini katika magunia ya mkaa. Hatumlaumu mtu. Wengi waliolima huko ni wazazi wetu, na ada zetu zimetoka humo.

Kilichopotea ni zaidi ya kuni. Mvua ikinyesha kwenye msitu, matone hupokelewa na majani, hudondoka polepole kwenye takataka za majani yaliyooza, yakanywewa na ardhi, halafu chemchemi inayatoa kidogo kidogo hadi kiangazi. Mvua hiyohiyo ikinyesha kwenye mteremko mtupu, inakimbia na udongo. Sisi wa Kigoma tunajua unakoishia: ziwani. Baada ya mvua kubwa, mtu akisimama juu hapa anaona maji mekundu yakiingia Ziwa Tanganyika. Tope hilo linafunika mawe ya ufukweni, na samaki wengi wa mawe, ambao hawapatikani ziwa lingine lolote duniani, hula na kuzaliana hapohapo kwenye mawe. Mvuvi naye anakatiwa msitu, ingawa hajawahi kupanda mlima.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mkoa wetu una ushahidi ambao wengine hawana. Dk. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefariki Oktoba 2025, alifika Gombe, ambayo leo ni hifadhi ya taifa hapa mkoani kwetu, tarehe 14 Julai 1960 akiwa na miaka 26. Wakati huo msitu ulikuwa umeenea ufukweni na milimani, ndani na nje ya eneo la sokwe. Miaka thelathini baadaye aliruka kwa ndege ndogo juu ya Gombe akakuta kisiwa cha kijani kimezungukwa na vilima vitupu. Picha za setilaiti zinaonyesha hivyohivyo: mpaka wa hifadhi unaonekana kama umechorwa kwa rula. Sokwe wakabaki wamefungiwa, hawana njia ya kwenda kwa wenzao.

Tunalolipenda katika habari hiyo ni uamuzi alioufanya. Hakutaka kuongeza askari tu. Mwaka 1994 ukaanza mradi wa TACARE, ambao uliketi na wanavijiji na kuwauliza wanahitaji nini. Wakasema maji, afya, shule, mazao. Msitu ukaja baadaye, wenyewe wakiutaka. Vijiji kando ya Gombe vikapanga matumizi ya ardhi na kutenga misitu ya hifadhi ya kijiji, wakachagua walinzi kutoka miongoni mwao. Na miti ikarudi. Mingi haikupandwa: ilichipua kutoka visiki.

Hapo ndipo penye ombi letu kubwa. Klabu yetu ilipoanza tulifanya kama klabu nyingi zinavyofanya. Tuliomba miche, tukachimba mashimo, tukapiga picha, tukafunga shule. Tuliporudi likizo ilipokwisha, zaidi ya nusu ya miche ilikuwa imekauka au imeliwa na mbuzi. Iliumiza, kwa sababu maji ya kumwagilia tuliyabeba wenyewe kichwani. Lakini mita chache kutoka pale, kwenye sehemu ambayo haikuungua mwaka ule, visiki vya miti ya mtundu na mninga vilikuwa vimetoa machipukizi yenye urefu wa kiuno, bila dumu hata moja la maji. Mizizi yake ilikuwa hai chini muda wote. Adui wake ni moto wa Agosti na Septemba, unaowashwa na anayesafisha shamba, au mrina asali, au mchungaji anayetaka majani mabichi. Kila mwaka chipukizi linaungua, linaanza upya, mpaka mzizi unachoka.

Kwa sababu hiyo tumechonga njia ya kuzuia moto upande wa shule, na tumeweka mizinga pembezoni. Mwenye mzinga hawezi kuona moshi akanyamaza.

Tunajua mambo mengine yako nje ya uwezo wetu. Joto la dunia linapanda, na mimea ya mlimani inahitaji ubaridi. Mti wa bondeni unaweza kusogea juu kizazi kwa kizazi, lakini ule ulio kileleni hauna pa kwenda. Hata kwenye milima ya Mahale, ambako kilele cha Nkungwe kina mita 2,462, mlima una mwisho. Ndiyo maana inatuuma zaidi kuona panga na kiberiti vinaongeza hasara ambayo ingeweza kuzuilika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga na kusimamia msitu wake. Kijiji chetu kimekubaliana mkutanoni na kuandika rasimu ya sheria ndogo. Rasimu ilipelekwa kwenye ofisi husika, tukaambiwa tusubiri, na misimu miwili ya moto imepita tukisubiri. Tunakuomba uifuatilie. Pili, tunaomba bikoni za kuonyesha mpaka wa msitu, ili anayelima ajue anapoishia bila kugombana na jirani. Tatu, majiko sanifu kwa jiko la shule, kwa sababu tunahubiri mlimani huku uji wetu unapikwa kwenye mafiga matatu kwa magogo yaliyotoka hukohuko.

Miche hatukuomba safari hii, na tunaomba isitafsiriwe kuwa ni utovu wa shukrani.

Shimo lako liko tayari pale karibu na tangi, na mche ni mvule. Ukishaupanda, tunakuomba utembee nasi dakika kumi tu hadi kwenye kisiki cha mtundu tulichokizungushia miiba. Kina machipukizi manne. Tumeacha moja bila kulipogolea, tukasema tutalipogolea siku ambayo mgeni atakuja kutuonyesha kwamba ameona.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanafunzi, Klabu ya Mazingira