Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mtambo wa Vifuu, Malindi

Wazee wetu, akina mama, vijana, ndugu wanachama, salamu.

Hesabu za chama atawasomea mweka hazina. Mimi nataka tuzungumze juu ya mtambo, maana ndio uliokula vikao vyetu vingi mwaka huu. Nia ni ile ile: kampuni ya maji ya mji imiliki mtambo mdogo wa umeme wa kuendesha pampu zake, na sisi wenye minazi tuuze vifuu, yaani magamba magumu ya nazi, vya kuulisha.

Baadhi yenu mliuliza kwa nini tusingoje jua. Jua tunalo, na pale Langobaya pana mitambo ya megawati 40. Lakini magharibi ikiingia paneli hulala, na saa hizo ndizo Kenya nzima inawasha taa. Kifuu huwaka usiku.

Tulianza na fikra ya megawati moja. Sheria ya Kawi ya 2019 inamruhusu anayejizalishia umeme wa matumizi yake mwenyewe afike hapo bila leseni, basi tukaona tusimame kwenye ukingo huo. Kisha tukakaa na karatasi. Vifuu huchomwa kwa hewa kidogo vitoe gesi, na gesi hiyo ndiyo inayoendesha injini. Injini ndogo ya namna hiyo hula takriban kilo moja na nusu ya vifuu kwa kila yuniti ya umeme, yaani kilowati moja kwa saa moja. Mtambo wa kilowati 100 ukizunguka saa sita kila usiku unataka kilo 900. Kifuu kikavu cha nazi moja kina kama gramu 150. Hizo ni nazi 6,000 kila siku, Idi na Krismasi, mvua na kiangazi. Megawati moja ingetaka 60,000. Nilipoliona jibu hilo niliomba kamati ishuke hadi kilowati 100, na sioni haya kusema nilikuwa mmoja wa waliotaka mkubwa.

Makumbi, yale maganda ya nyuzi ya nje ya nazi, je? Yako tele, lakini yana potasiamu na klorini nyingi. Majivu yake huyeyuka tanurini yakaganda kama kioo, na chuma huliwa. Makaka ya madafu yanayorundikana mjini yamejaa maji. Kuyakausha ni kazi nyingine kabisa. Kifuu kina majivu machache, ndiyo maana tumekishikilia, ingawa nacho hutoa lami ambayo lazima iondolewe kwenye gesi kabla gesi haijafika kwenye injini.

Liko jambo linaloniuma zaidi. Kijijini kifuu si taka. Mama akishakuna nazi, kifuu kinangoja jiko. Tukianza kukinunua nyumba kwa nyumba, yeye atakwenda kukata kuni wapi? Kamati imekubaliana tununue kwa wanaokausha mbata, yaani nyama ya nazi, na wanaofua nazi kwa wingi tu, na mikoko isiguswe kabisa. Wengi wenu mnakumbuka ule mpango wa kupanda mbono (jatropha), mmea wa mafuta ya kuendesha mitambo, kwenye hekta 50,000 za msitu wa Dakatcha. Watu walisimama kuulinda msitu ule, na sitaki chama hiki kiwe upande mwingine wa kisa kama hicho.

Mfano ulionipa moyo uko Naivasha: mtambo wa biogesi wa megawati 2.2 unaokula mabaki ya shamba lile lile ulipojengwa. Chakula chake kilikuwapo kabla ya mashine.

Kwa hiyo naomba kura yenu kwa hili: tusimlipe muuza mashine yeyote hata shilingi moja mpaka tupime vifuu mwaka mzima, kaskazi na kusi. Mizani ya kwanza iwekwe Msabaha, ya pili Mambrui. Kila gunia liandikwe uzito, unyevu na lilikotoka, na daftari libaki wazi kwa mwanachama yeyote anayetaka kulikagua.